Daktari wa Makamasi

Zamani ungetaka kumwona wifi yangu akiacha sahani ya wali katikati na kwenda kujifungia chumbani, ungemtajia Daktari wa Makamasi. Wifi si mtu wa ugomvi. Huyu mke wa kaka yangu anaweza kukaa jikoni na mama yangu kutwa nzima wakichambua mchele bila kununiana, na mama yangu si mtu rahisi, anayemjua anamjua. Lakini kwa Daktari alikuwa na jambo moja tu alilolitaka tangu mwanawe wa pili afariki: yule mama akae mbele yake, aseme kwa mdomo wake kwamba amekosa. Hakutaka fidia, hakutaka polisi, hakutaka kuliliwa. Alitaka neno. Na Daktari, ambaye alikuwa na la kusema juu ya kila kitu, hilo moja hakumwambia.

Mie nilimpenda Daktari. Nalitanguliza hilo ili msije mkashangaa huko mbele. Nilimpenda, na zipo siku nilimchukia mpaka nikisikia anapiga hodi nageukia ukutani najifanya nimelala. Yote mawili ni kweli na sijapata namna ya kuyapatanisha.

Alikuja kwetu Keko miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, sabuni za kuchagua, mitumba imemwagwa chini kila kona. Alikuwa daktari kweli, si wa kubandikwa, amesoma mpaka nje, na alifanya kazi kwenye mradi wa utafiti mjini. Mradi ulitaka kujua habari za mafua ya watoto: yanatoka kwa nani, yanakwenda kwa nani, na kwa nini mtoto akipona leo wiki ya tatu anayo tena. Kwa hiyo kila wiki alitokea mtaani kwetu na kiboksi cha barafu begani, ndani mna vichupa na vijiti virefu vyenye pamba nchani. Kijiti kinaingia puani, kinazungushwa, kinatiwa kwenye kichupa, mtoto analia, basi.

Sauti yake ilimtangulia. Alikuwa mfupi, amejaza kifua, anatembea na viatu vya ngozi vya kiume kwa sababu, alisema, vya kike vimetengenezwa kwa watu wasio na safari. Alipofika kichochoroni kwetu hakusema hodi ya watu. Alisema, "Hodi, wenye pua!" Watoto wakasikia hiyo wakaingia uvunguni, wengine wakapanda juu ya mbao za kaka yangu kule mbele kwenye karakana. Alikotoka sikupata kukujua sawasawa. Lafudhi ilikuwa ya kusini, na akikasirika ilizidi. Ukimuuliza habari za kwao anakwambia, "Nimekuja kuangalia pua, sikuja kuhojiwa."

Ajabu ni kwamba watoto wenyewe waliomkimbia ndio waliomzoea kuliko sisi. Alikuwa na mtindo wake. Anakaa kwenye kigoda, anamweka mtoto kati ya magoti, anamkabidhi kijiti, anainua uso. "Anza wewe na mimi." Mtoto anamchomeka Daktari puani, Daktari anapiga chafya ya kuigiza, anaanguka kigoda na yeye, viatu juu. Watoto wanavunjika mbavu. Halafu anasema, "Haya, sasa zamu yangu, haki sawa," na mtoto hana pa kupita, amekwisha kubaliana. Mwanangu mimi, aliyekuwa haguswi hata na shangazi zake, alikuwa anakwenda mwenyewe na pua imeinuliwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ua mmoja, bomba moja. Mama alikuwa na chumba chake, kaka na wifi na watoto wao chumba chao, mie na mwanangu tulipewa cha nyuma niliporudi kwetu baada ya ndoa kunishinda. Vyumba vingine vilikuwa vya wapangaji, na kila mpangaji na watoto wake. Mbele kaka alikuwa anatengeneza vitanda na makabati, vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye chai. Watoto walilala popote usingizi ulipowakuta na kula sahani ya aliyepakua kwanza. Kwa mtu anayewinda mafua, nadhani hakukuwa na nyumba bora kuliko ile.

Sisi mafua tulikuwa tunayajua kwa namna yetu. Baridi, vumbi, na yakizidi, kimeo. Mama yangu alitukatisha sote vimeo tulipokuwa wadogo, kwa mzee mmoja wa kule Mbagala mwenye kisu kilichopinda: unapanuliwa kinywa, unashikwa kichwa, kinyama cha kooni kinakwenda, unapewa sukari. Tulikatwa sote na tukaendelea kuugua mafua sote, ila hilo hakuna aliyelitia maanani. Ukikohoa baada ya kukatwa, utaambiwa kilikatwa vibaya.

Daktari alikichukia kisu kile kuliko shetani. Siku moja alitandika mkeka uani, akatuita akina mama wote, akasema leo hachukui makamasi, leo anatoa. Akatueleza kwamba mafua si ugonjwa mmoja unaokwenda na kurudi.

"Nyie mnadhani ni mgeni yuleyule," alisema. "Si yule. Hawa ni ukoo mkubwa mno, wana sura zao. Mwili wa mtoto ukishamjua huyu, hawezi kumsumbua tena. Sasa anakuja binamu yake. Mwili haumjui, unaanza upya. Mtoto mdogo hajamjua hata mmoja, ndiyo maana pua yake haikauki. Si kimeo. Mtoto wenu yuko shule, anajifunza sura za watu."

"Na hao ndugu wanatoka wapi wote hao?" akauliza wifi.

"Wanazaana humo humo puani. Mmewaona watoto wa madrasa wakinakili ubaoni? Huyu anakosea herufi moja, wa nyuma yake ananakili kwa huyu aliyekosea, na yeye anaongeza kosa lake. Mpaka ifike mlangoni, si ile ya ubaoni. Na hivi vidudu vina maandishi yake ndani, tunayaita vinasaba. Kila kinapojinakili kinakosea kidogo. Mimi kazi yangu ni kusoma makosa, nijue nani kanakili kwa nani."

Mama yangu alikuwa anamsikiliza huku anamenya muhogo. "Kwa hiyo ni wageni wasiokwisha."

"Hawaishi, mama."

"Na dawa yao?"

"Hawana."

"Sasa mwanangu, wewe unawatafutia nini?"

Ua mzima ulicheka, na Daktari akacheka kuliko wote, akafuta machozi kwa ncha ya kanga ya mama yangu. Hilo nalo lilikuwa lake: alijua kushindwa kwa mzaha. Kwa jambo la kweli hakujua.

Majibu ya vichupa vyake yalichelewa. Vilikwenda kusomwa ng'ambo, na wakati yanarudi mtoto amekwisha kuota meno mapya. Siku moja alikuja mbio, jasho linamtoka, uso unang'aa mithili ya mtu aliyeozesha. Mafua fulani yaliyoipitia nyumba yetu msimu wa mvua, watoto wote wakakohoa kwa pamoja, sie tukasema wameambukizana, kumbe hawakuambukizana wote. Walikuwa na virusi vya ukoo mbalimbali. Wale wanaokwenda chekechea walikuwa na vyao vilivyopita kwenye kikombe kimoja cha maji kilichofungwa kamba kwenye pipa la mwalimu. Wadogo wa nyumbani walikuwa na vingine kabisa.

"Chini ya paa moja!" alipiga kelele. "Wiki moja! Mnaelewa?"

"Hongera," akasema mpangaji mmoja, huku anamkamua mwanawe pua.

Kisha ule mgao wa umeme. Mwaka ule umeme ulikuwa unakuja kwa kubahatisha, na vichupa vya Daktari vinataka baridi. Gari la mradi likichelewa anahangaika na kiboksi chake mtaa mzima. Basi siku moja akaenda kwa mama mmoja jirani aliyekuwa na friji la mafuta ya taa, anauza barafu za ukwaju kwa watoto, akamsihi mpaka akapewa kona. Nani alichungulia sijui. Jioni yake mtaa mzima unajua kwamba barafu za ukwaju zinalala na makamasi. Yule mama hakuuza hata moja mpaka Ramadhani. Daktari alinunua zilizobaki zote, akakaa barazani kwake akazilamba hadharani moja baada ya nyingine, midomo imekufa ganzi, watu wanapita wanamtazama. Hakuna aliyeshawishika, lakini yule mama alimsamehe.

Kule kujipinga kwake mwenyewe ndiko kulikonifanya nimpende. Alitukataza kwa ukali kumnyonya mtoto makamasi kwa mdomo, jambo ambalo kila mama wa kwetu analifanya kichanga kikiziba pua. Alisema tunakunywa ugonjwa. Halafu nikamwona kwa macho yangu. Kichanga cha mpangaji kilikuwa kinashindwa kunyonya ziwa, kinajirusha, kinabadilika rangi, mama mtu ametoka kuchota maji. Daktari akaweka kiboksi chini, akapiga magoti, akakivuta makamasi kwa mdomo wake, akatema, akavuta tena. Mtoto akapumua. Daktari akajipangusa, akanikuta nimesimama mlangoni. "Hujaona kitu," akasema.

Ukali wake sasa. Huwezi kumwandika yule mama ukauacha ukali. Miaka ile ndiyo zahanati za watu binafsi zilipochipuka kila mtaa, na mtoto akipelekwa na makamasi, anachomwa sindano na kutoka na kapsuli kwenye karatasi. Daktari alikuwa anaumwa na jambo lile. Alisema dawa zile zinaua vidudu vya namna nyingine, hivi vya mafua havisikii, na tukizoea kuzitumia ovyo zitakuja kutukataa siku tunayozihitaji. Yote kweli, leo hii yanasemwa redioni. Ila alivyoyasema! Mama mmoja alimpeleka mwanawe akachomwa sindano, Daktari akamsimamisha mbele ya bomba, watu na ndoo zao.

"Umemtoboa mtoto bure! Bure! Mimi nakuja hapa kila wiki kufanya nini? Kucheza?"

Yule mama alilia mbele ya wapangaji wenzake. Na palepale Daktari akamgeukia wifi yangu, akamshika mkono, akamwinua. "Mtazameni huyu. Huyu anasikia. Huyu hajakimbia popote."

Wifi alikuwa hajasoma sana, alitolewa shule mapema. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwinua mkono mbele za watu na kumsifu. Tangu siku ile ukimwambia neno juu ya mtoto anakwambia, "Daktari kasema." Mama akileta habari za kimeo, "Daktari kasema." Mama akawa anaondoka zake anasonya.

Yule mwanawe wa pili alikuwa na miaka miwili hivi. Alipewa jina la mama yangu, kwa hiyo mama hakumwita kwa jina, alimwita mwenzangu. "Mwenzangu kaamka?" "Mwenzangu kala?" Alikuwa na mwendo wa kukimbia tu, kutembea hakujua. Alimfuata mwanangu kila alikokwenda, na mwanangu, aliyemzidi mwaka na kitu, alimbeba mgongoni mpaka miguu inaburuza chini.

Mafua ya Idd ile yalianza kwa mwanangu. Daktari alikuja akamchukua makamasi, siku chache tu kijana huyo anapiga mpira. Kisha akaanza mtoto wa wifi. Daktari alimchukua na yeye, akamtazama macho, akasema, "Haya ni ya kawaida, mama. Mpe maji, mnyonyeshe." Kesho yake akasafiri na vichupa vyake vyote kuvipeleka huko vinakosomwa.

Mtoto hakupona. Akaacha kukimbia, akaacha kula. Mama akasema kimeo. Wifi akasema Daktari alishamwona. Mama akasema basi hospitali, na mama yangu kusema hospitali si jambo dogo. Wifi akasema, "Mama, nikimpeleka watamchoma sindano, halafu Daktari akirudi nitamwambia nini? Anarudi keshokutwa." Mie nilikuwapo, nikamtazama mtoto nikaona mafua. Sote tuliona mafua, kwa sababu tulikuwa tumeyaona mengi kiasi kile na yote yalipita.

Siku ambayo mbavu zilianza kuingia ndani kila akivuta pumzi, kaka alitupa randa, akambeba mtoto mikononi na unga wa mbao mwilini, akakimbia naye mpaka hospitali. Walimpokea, walimwekea hewa. Walisema ni nimonia, na kwamba tumechelewa. Alikata roho adhuhuri.

Daktari alirudi akakuta turubai. Aliingia akiwa amevua vile viatu, akakaa kwenye jamvi na wanawake. Hakuna aliyemsogezea mto. Mama yangu alimtazama, kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mwenzangu angekatwa kimeo, leo angekuwa hapa anatusumbua."

Nilimgeukia Daktari nikijua kinachokuja. Mtu aliyebishana na sisi miaka yote juu ya kisu kile, hata kwa kilio asingeweza kujizuia. Wapi! Aliinamisha kichwa tu, na machozi yakawa yanadondokea mapajani. Wifi alikuwa pembeni kajifunika, lakini namjua, alikuwa anasikiliza, anangoja. Daktari alikaa mpaka watu wakapungua, akatoka uani, akaosha masufuria yote ya msiba peke yake, akaondoka.

"Kaosha masufuria," wifi aliniambia baada ya arobaini. "Mie nilitaka masufuria?"

Mngedhani hakurudi tena. Alirudi! Matanga hayajapoa sawasawa, anapiga hodi na kiboksi chake, bila ile habari ya wenye pua, hodi ya kawaida. Wengi walimfungia. Wifi akimsikia anaingia ndani na kushusha pazia. Nikamuuliza kwa hasira, "Daktari, huoni haya?" Akajibu, "Naona. Lakini wako watoto wengine." Mpaka leo sijui lile lilikuwa jibu la mtu mwema au la mtu asiye na moyo.

Alikuwa mwingine lakini. Kabla ya pua alianza na kifua. Anamvua mtoto shati, anakaa anatazama mbavu zinavyopanda na kushuka, kimya, dakika nzima, mama mtu anapata wasiwasi. Akatufundisha na sisi kutazama, mmoja mmoja. Hakumfokea mama tena, hata aliyetoka zahanati na karatasi ya kapsuli mkononi. Na woga ulimwingia. Mtoto akikohoa mara mbili anamkimbiza hospitali, anarudishwa, wiki ijayo anamkimbiza tena. Akina mama wakaanza kumcheka kichinichini. Mie nikamkosa yule wa zamani aliyekuwa anajua kila kitu, na nikajichukia kwa kumkosa. Mradi wake ukaisha, akapotea.

Wifi alikaa miaka kadhaa ndipo akashika tena mimba, akajifungua mtoto wa kiume. Kila mafua ya kile kichanga yalikuwa msiba mpya. Wifi hali, analala ameketi, kiganja kiko kwenye kifua cha mtoto. Siku moja akaniambia, "Wifi, nasikia yule mama kajenga Goba. Nenda kamuulize. Mie sitaki kumwona. Muulize tu kama anakiri. Akikiri nitapumua, nahisi hivyo."

Nikaenda. Goba ile ilikuwa bado mashamba, vilima na mihogo, nyumba huku na huku hazijaezekwa. Yake iliezekwa vyumba viwili tu, vingine viko wazi, kuku wanalala humo. Nilimkuta kibarazani anachambua mchicha. Alikuwa amepungua mpaka shingo imekuwa ndefu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea." Akanikazia macho. "Wa Keko! Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Bado ananitukana?"

"Siku hizi kidogo."

Tukacheka, na ule mcheko ulinipa nguvu za kusema kilichonileta. Nikamwambia wifi kanituma, anataka kujua kama anakiri. Aliacha mchicha.

"Niliwafokea akina mama mpaka wakaogopa kwenda hospitali," akasema. "Ningewafundisha mawili, nikawafundisha moja. Niliwaambia mafua hupita, sikuwaonyesha mbavu. Nilikosa. Hilo halina mjadala."

Hasira ilinipanda kwa kasi hata nikasimama. "Sasa mbona hukumwambia? Maneno hayo hayo! Mwenzio anayangoja miaka nenda miaka rudi, anaugua kwa kuyangoja, na wewe umekaa huku na kuku!"

"Kwa sababu asingeishia hapo. Angeniuliza mwanawe aliyapata wapi. Mama aliyefiwa lazima aulize hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia nasoma nani kanakili kwa nani."

"Kwani majibu yake yalikuja?"

"Yalikuja."

"Alikuwa na nini?"

"Kirusi cha mafua, cha kawaida kabisa. Kirusi kilimchosha, kikafungua mlango, nimonia ikaingia."

"Na alikipata wapi?"

Akaokota jani la mchicha, akaliweka. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanao hajambo?"

Nikamwambia hajambo, mkubwa sasa, yuko darasa la sita, mpira tu kutwa, nikaendelea kusema hivyo na hivi, mpaka nikasikia sauti yangu mwenyewe inakatika. Nikakaa.

"Walikuwa na kile kile," Daktari akasema. "Si ukoo mmoja tu, kile kile, herufi kwa herufi. Nyumba nzima hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Na wako ndiye aliyeanza."

"Wangu alipona siku chache."

"Ndiyo. Na kwa nini huyu na si yule, sijui. Nimelifikiria mpaka nimechoka, sijui."

Nililia, sioni aibu kulisema. Yeye hakunigusa. Alisubiri nimalize, akasema, "Mimi kusema nusu siwezi. Nikikaa mbele ya wifi yako, akiniuliza, nitamjibu yote, ndivyo nilivyo. Na kijana wako anaishi nyumba moja na yule mama, anakula mkononi mwake. Atamtazama vipi? Yeye mwenyewe atajitazama vipi? Mtoto hana kosa, alipiga chafya tu. Nikaona bora mnilaumu mimi. Lawama nyingine ni yangu kweli, hata nikibebeshwa na iliyobaki sitavunjika."

Nilirudi Keko alasiri. Wifi alikuwa uani anafua. Mwanangu alikuwa kizingitini, kampakata mtoto wa wifi, wamegusanisha mapaji wanachekeana, makamasi yanawatoka wote wawili.

"Muone huyu," wifi akasema, anajipangusa povu. "Tangu umeondoka hajamwachia mdogo wake hata dakika. Haya, kasemaje? Kakiri?"

Nilimtazama mwanangu.

"Kakiri," nikasema.

"Kasema ni yeye?"

"Kasema ni yeye."

Wifi alikaa chini palepale kwenye maji ya kufulia, akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia. Mwanangu akaja mbio na mtoto begani. "Anti, nini? Anti?" Wifi akamvuta, akamkumbatia yeye na mtoto kwa pamoja, akamfuta pua kwa kanga yake.

"Kesho urudi Goba," akaniambia juu ya kichwa cha mwanangu. "Mwambie nimemsamehe."